Pikipiki ya Mtu Mmoja

Katika miaka ya 1950, fremu ya pikipiki iliyosifiwa kuliko zote Uingereza ilikuwa ikipatikana bila injini, kwa bei ambayo kijana wa kiwandani aliweza kuifikia akijinyima. Ilikuwa fremu ya Norton, kazi ya Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini, mtu aliyejifunza ufundi kwa mikono yake mwenyewe, nayo iliingia mashindanoni mwaka 1950. Harold Daniell, mmoja wa waendeshaji wa Norton, alipoijaribu alisema ni kama kukalia godoro la manyoya ya ndege, na tangu hapo ikaitwa Featherbed.

Injini zake zilikwenda wapi? Zilichukuliwa na watu wa magari madogo ya mashindano, yale ya Formula 3 ambayo kanuni zake ziliweka kikomo cha injini kuwa cc 500. Injini ya Manx, pikipiki ya mashindano ya Norton, ilikuwa ikitamba humo, ila kiwanda hakikuwa tayari kuuza injini peke yake. Mwenye gari alilazimika kununua pikipiki nzima, akang'oa alichokihitaji, na fremu ikabaki imeegemea ukuta. Wakati huohuo mitaani kulikuwa na injini nyingi za Triumph za silinda mbili, za ukoo ulioanzishwa na Edward Turner mwaka 1937. Zilikuwa na nguvu na zilivumilia kuchokonolewa, lakini fremu za Triumph ziliyumba kwenye kona. Vijana wakatia injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton, na chombo hicho kikaitwa Triton.

Naanzia huko kwa makusudi. Leo ukifungua jarida la pikipiki utakuta kaferesa, yaani cafe racer, pikipiki za ukoo wa Triton, zilizojengwa kwa fedha za kununulia kiwanja, tangi limesuguliwa mpaka linamwakisi mpiga picha, na utadhani huu ni mchezo wa wenye nazo. Asili yake si hiyo. Usukani ulioshushwa, kiti kifupi chenye nundu nyuma na vikanyagio vilivyorudishwa karibu na gurudumu la nyuma ni umbo lililotoka kwa watu waliokuwa wakiokoteza. Tena mabaki hayo hayakuwa ya kudharauliwa: mwaka 1965 Dave Degens na Rex Butcher walishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona kwa Triton iliyojengwa na Degens mwenyewe.

Kijiwe cha vijana hao kilichojulikana zaidi kilikuwa Ace Cafe, mgahawa wa madereva wa malori kando ya barabara ya North Circular, London. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukapigwa mabomu vitani mwaka 1940, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Inasimuliwa kwamba kijana alikuwa akitumbukiza sarafu kwenye mashine ya santuri, akichagua wimbo, kisha anatoka mbio hadi alama fulani barabarani na kurudi kabla wimbo haujaisha. Nyimbo za siku zile zilikuwa za dakika mbili na ushei, kwa hiyo nahisi hadithi hiyo imetiwa chumvi ya kutosha. Shabaha yao lakini ilikuwa ya kweli: maili 100 kwa saa, karibu kilomita 161, kwenye barabara ya kawaida yenye magari ya watu.

Ukiijua shabaha hiyo, umbo zima linaeleweka. Upepo unaomzuia mwendeshaji hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unasukuma mara nne. Kifua cha mtu aliyeketi wima ni ukuta. Ndiyo maana usukani ulishushwa hadi kwenye mabomba ya shokapu za mbele, kila mpini ukifungwa upande wake, ili mwendeshaji alale juu ya tangi. Akilala hivyo miguu nayo haina budi kurudi nyuma, la sivyo magoti yatamgonga kwenye viwiko. Nundu ya kiti inamzuia asiteleze nyuma anapokamua mafuta. Hakuna pambo hapo. Nimeona pikipiki nyingi zilizoshushwa usukani huku vikanyagio vimeachwa palepale mbele, na aliyepanda amejikunja kama anatafuta sarafu iliyodondoka. Huyo hakuelewa.

Sasa tuje kwenye injini ya siku zetu.

Honda walikuwa na tatizo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pikipiki zao ndogo zenye kamshafti juu ya silinda zilikuwa zikifia mikononi mwa wateja wa nchi za joto na vumbi, kwa sababu huko pikipiki haikuwa ya matembezi. Ilibeba gunia na watu watatu, na mafuta ya injini yalibadilishwa siku fedha zikipatikana. Wahandisi wakatumwa wakaone wenyewe, wakarudi na uamuzi uliowashangaza wengi: kurudi kwenye muundo wa zamani, valvu zinazosukumwa na vijiti kutoka chini, bila cheni ya kamshafti ya kulegea na kukatika. Injini hiyo, CG125, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Ina cc 124, silinda moja, nguvu farasi kama kumi hivi. Wachina wakaichukua na kuinakili kwa majina yasiyohesabika, na wajukuu zake ndio walioshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa kwa makontena. Boxer na TVS za India zina ukoo wao, lakini zile nyingi za Kichina zinazobeba abiria na mkaa Tanzania na Kenya, ukizifungua injini zake, utakutana na vijiti vilevile.

Uingereza nako, CG125 ilikuwa pikipiki ya wanafunzi wa udereva kwa miaka mingi, na mpaka leo mtu mwenye mfuko mwembamba anayetaka kujenga kaferesa huanza kwa kuitafuta mbovu mbovu. Kwa hiyo kijana wa Temeke na kijana wa Birmingham wanaweza kuwa wanainamia injini ileile, wakigombana na nati ileile iliyoshika kutu. Tofauti yao iko kwenye kiti.

Nalisema hili la kiti kwa uzito kwa sababu ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwetu, na haionekani kwenye orodha yoyote ya spea. Pikipiki ya Dar es Salaam ni kiti cha nyuma. Kiti hicho ndicho kinachomlipa mwenye chombo hesabu yake jioni, ndicho kinacholipa ada ya shule. Kaferesa inakikata. Ukishaondoa nusu ya kiti na kuweka nundu, umeifukuza kazi pikipiki yako, na fundi mwenye akili atakuuliza zaidi ya mara moja kama una uhakika. Ndiyo maana nyingi kati ya zile ninazozifahamu zimeanza na pikipiki iliyokwisha kustaafu: iliyopata ajali ya nyuma, iliyotelekezwa kwa fundi na mwenyewe hakurudi kulipia, au iliyouzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Lakini kwa hiyo iliyotelekezwa, ulizia kadi kwanza. Namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, na kama hailingani na kadi, hata ukipewa bure ni ghali.

Kuna jambo jingine linaloufanya ufundi huu uwe mgeni kidogo kwa jicho letu. Sisi tumezoea kuipamba pikipiki kwa kuongeza: vioo vya ziada, bendera, maandishi, taa za rangi, kifuniko cha tangi chenye nyuzi za pindo, mipira ya matope inayoburuza chini. Napenda mapambo yale na sitaki mtu ayacheke. Kaferesa inadai mkono wa namna nyingine. Hapa fundi anasifiwa kwa alichokiondoa, na kwa kukiondoa bila kuacha kovu.

Fundi ninayependa kwenda kumtazama yuko Gerezani. Riziki yake ni mageti, stendi za bodaboda zilizokatika na makeria ya kubebea kreti za soda. Ana benchi lenye jiliwa, mashine ya kuchomelea, grinda, drili, na boksi la tupa ambazo haruhusu mtu azishike. Mashine ya kukunjia mabomba hana. Kazi ya kaferesa huwa anaifanya jioni na siku ambazo mageti hayajaja, na nadhani huko kusubiri kunaisaidia, maana sehemu ngumu zaidi ya kazi hii haina kelele yoyote.

Kwanza anavua kila kitu. Boliti zinaingia kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake. Kisha anarudisha magurudumu, shokapu na tangi tupu, basi. Anajaza upepo, anaisimamisha pikipiki wima juu ya sakafu ambayo ameipima, na kumkalisha mwenyewe juu ya fremu huku kijana mwingine ameishikilia. Hapo ndipo wengi wanapokosea wakifanyia kazi hii nyumbani: wanapima pikipiki ikiwa tupu. Shokapu za nyuma zikipata uzito wa mtu zinazama, na mstari uliokuwa umenyooka karakana nzima ikashangilia unalala nyuma barabarani kama mbwa aliyekaa.

Anachotafuta ni huo mstari. Ni mstari mmoja tu, unaopita kwenye ukingo wa chini wa tangi, unaendelea chini ya kiti na kuishia kwenye nundu, sambamba na ardhi. Anafunga uzi wa kuvulia samaki kutoka shingoni hadi kwenye kipande cha ubao nyuma, anaweka pima maji, anarudi nyuma hatua kadhaa, anachuchumaa, anatazama. Anasogea upande wa pili. Anatazama. Tangi la CG limetengenezwa likiinamia nyuma, na mabomba ya fremu chini ya kiti yanapinda kwenda juu ili abiria akae vizuri, kwa hiyo mistari hiyo miwili inagombana. Anainua nyuma ya tangi kwa kuongeza raba. Uzi unasogezwa. Kuna wakati nilidhani amemaliza, akaondoka kwenda kunywa chai, na aliporudi akashusha uzi kwa unene wa kidole bila kusema neno, na ghafla pikipiki ile iliyokuwa rundo la vyuma ikawa na mwelekeo. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walijenga vyombo vizima bila mchoro wa karatasi, kwa kamba na jicho. Hili ni jicho la namna ileile, na halinunuliki Kariakoo.

Baada ya hapo grinda inaweza kuwashwa. Kanuni ya kukata ni moja na haina msamaha: usikate mbele ya pale shokapu za nyuma zinaposhikia fremu, na kama ni lazima ukaribie hapo, weka kwanza bomba la kuimarisha. Sehemu ile ndiyo inayobeba kila shimo la barabara. Nyuma yake unaweza kukata kwa amani, kwa sababu kilichokuwa kimewekwa pale kilikuwa cha keria na abiria, na wote wameaga.

Mwisho wa mabomba mawili yaliyokatwa unahitaji kuunganishwa kwa bomba lililopinda nusu duara. Mwenye fedha hununua limekwisha kupindwa. Fundi wangu anachukua bomba la kipenyo kilekile, anaziba upande mmoja, analijaza mchanga mkavu akiligonga gonga mpaka ushikamane, anaziba upande wa pili, kisha analipasha moto hadi liwe jekundu na kulipinda taratibu kuzunguka rimu nzee. Mchanga unazuia bomba lisibonyee tumboni. Lazima uwe mkavu kabisa, na huwa anaukaanga kwenye karai kabla, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ya bomba la moto unageuka mvuke, na mvuke unatafuta njia ya kutokea usoni kwako. Bomba likitoka bila kukunjamana hata kidogo, analipitisha mkononi mara kadhaa zaidi ya inavyohitajika. Namwelewa.

Kwenye maungio anaingiza ndani kipande kifupi cha nondo kilichokerezwa kikae sawasawa, nusu huku na nusu kule, ili kiungo kisitegemee kuchomelea peke yake. Anatoboa matundu madogo ubavuni na kuchomelea nondo kupitia matundu hayo pia. Kabla ya cheche ya kwanza, betri na kisanduku cha umeme wa plagi vimekwisha kuondolewa, na kibanio cha ardhi cha mashine kinashikizwa karibu kabisa na anapochomelea, kwa sababu umeme ukipita kwenye beringi za magurudumu unaziunguza na hutajua mpaka zianze kulia wiki kadhaa baadaye. Anaweka vidoti kwanza. Anapima pembe kwa pembe. Halafu anachomelea kidogo kushoto, kidogo kulia, anaacha ipoe, maana moto unalivuta bomba upande wake, na mtu mwenye haraka humaliza upande mmoja wote kisha akashangaa kiti kinatazama Kigamboni.

Nundu inakwenda kwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Huyu anachukua bati, analiweka juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mbao kutoka katikati kwenda pembeni mpaka livimbe, kisha analisawazisha juu ya kipande cha chuma cha mviringo. Wapo wanaotumia faiba, na inafaa, ila bati lililogongwa vizuri linahitaji puti kidogo sana, na ukilipiga kofi halitoi sauti ya debe. Kiti chenyewe kinashonwa Keko, kwa mafundi wa makochi. Sponji iwe ngumu. Laini inapendeza dukani na kukukalisha kwenye chuma ukifika Mbagala.

Usukani wa kufunga kwenye shokapu unauzwa, lakini si lazima ununue. Mbinu ya siku nyingi ya watu wa mfuko mdogo ni kuufungua usukani uliopo na kuugeuza chini juu. Ukigeuka vizuri unakuletea mikono chini na mbele kwa gharama ya spana tu. Kazi inabaki kwenye kebo, ambazo sasa ni ndefu na zinataka njia mpya. Kipimo chake ni rahisi, nawe unaweza kukifanya kwenye pikipiki yoyote unayotaka kununua: washa injini, iache ingurume polepole, zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Mlio ukipanda upande wowote, kebo ya mafuta inavutwa, na siku moja itavutwa kwenye kona. Hakikisha pia vidole havibanwi kati ya mpini na tangi.

Kwa vikanyagio, uzuri ni kwamba pikipiki ya abiria tayari ina vikanyagio vya nyuma, na mara nyingi vimefungwa karibu na mahali ambapo kaferesa inavitaka. Abiria ameondoka, urithi wake umebaki. Anachofanya fundi ni kuunganisha kijiti chenye maungio ya mviringo kutoka kwenye shafti ya gia hadi kwenye pedali mpya, na kufupisha kijiti cha breki ya nyuma. Mpangilio wa kukanyaga gia unaweza kugeuka kulingana na pedali ilivyofungwa, na mwenyewe hana budi kujifunza upya kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia Barabara ya Nyerere.

Nyaya ninazipita haraka, ingawa hula muda kuliko kuchomelea. Nyingi za injini hizi hupata umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye koili zilizo upande wa magneto, kwa hiyo betri ndogo iliyofichwa chini ya nundu inatosha kwa taa na honi. Kila waya unafuatwa kwa mkono, unakatwa urefu wake, unavalishwa mpira. Msikilize anayesema atazikamilisha nyaya kwa jioni moja, kisha mtafute fundi mwingine.

Kuna jambo moja ambalo mimi na fundi wangu hatukubaliani. Anayejenga kaferesa kwa kawaida huondoa boksi la chujio la hewa na kuweka chujio dogo la koni moja kwa moja kwenye kabureta, ili pembetatu ya chini ya kiti ibaki wazi na uone ng'ambo ya pili. Inapendeza kweli. Lakini hewa inaongezeka na mafuta yanabaki yaleyale, injini inakula mchanganyiko mkavu na kupata joto kupita kiasi, mpaka ubadilishe jeti ya kabureta kwa yenye tundu kubwa zaidi. Halafu unakaa na plagi: unaendesha, unazima, unaifungua, unaitazama. Ikiwa nyeupe, mafuta ni kidogo. Ikiwa nyeusi yenye masizi, yamezidi. Rangi ya kahawia ndiyo salama. Jeti ni vitu vya bei ndogo ila unanunua kadhaa kabla ya kupata ya kwako, na chujio la koni la bei rahisi linaachia vumbi la barabara zetu lipite hadi kwenye silinda. Mimi ningeacha boksi la kiwandani lilipo. Yeye anasema nikitaka boksi ninunue friji.

Tunachokubaliana ni mpangilio wa kutumia fedha. Kabla ya rangi, kabla ya kiti, kuna matairi, beringi za magurudumu na za shingo, viatu vya breki, cheni na sproketi zake, raba za mkono wa gurudumu la nyuma, na mafuta mapya ya shokapu za mbele. Vitu hivi havionekani kwenye picha. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya mwendo kikawa na breki za ngoma zilizochakaa ni uongo unaoweza kuua. Na ikiwa fedha zimekwisha hapo, pikipiki inaweza kuendeshwa bila rangi msimu mzima. Chuma kilichopakwa praima ya kijivu hakimwaibishi mtu. Wala usizipeleke fedha kwenye kitambaa cha kuzungushia bomba la moshi, ambacho sasa kila mtu anacho: kinakunywa maji ya mvua na kulila bomba kwa kutu kimyakimya. Matairi yenye meno makubwa ya shambani chini ya umbo la barabara ya lami nayo siyaelewi, na sijaribu tena.

Tangi ndiyo sehemu ya mwisho na yenye hatari zaidi. Kutu ya ndani inatolewa kwa siki iliyokaa humo siku kadhaa pamoja na konzi ya nati ndogo, tangi likitikiswa na kila anayepita. Lakini kama lina tundu la kuchomelea, elewa kwamba tangi lililokaushwa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Fundi wangu analiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha analijaza maji hadi karibu na tundu kabla ya kulisogezea moto. Nimewahi kumwona akimrudisha mteja aliyemwambia hana muda wa mambo hayo.

Kisha inakuja misasa, na misasa haina hadithi. Puti nyembamba, msasa, praima, msasa wa maji, rangi, vanishi. Rangi ikibadilika, kadi ya usajili nayo ibadilishwe, maana rangi imeandikwa humo, na askari wa barabarani anasoma.

Ikimalizika, pikipiki ile haikimbii sana. Kwa nguvu farasi kumi, ukilala juu ya tangi hadi kidevu kiguse, utaipita kilomita 100 kwa saa kwa taabu na kwa kelele nyingi. Vijana wa North Circular wangecheka. Wangeinama hata hivyo kuangalia maungio, kwa sababu walijua maana ya kitu kilichotoka kwenye mabaki kikasimama kwenye mstari wake.

Nawe ukiikuta imeegeshwa mahali, inama vilevile. Acha rangi. Tazama chini ya kiti pale bomba la zamani linapokutana na jipya, tazama kebo zinavyopinda shingoni, sukuma gurudumu la mbele kushoto na kulia usikilize beringi. Na ukiamua kujengewa ya kwako kwa bajeti ndogo, kumbuka kwamba bajeti hiyo mara nyingi inakuwa ndogo kwa sababu kuna mtu amekaa jioni nyingi bila malipo akitazama uzi. Wateja wetu hulipa spea bila kelele, kisha hubishania ufundi. Kubalianeni bei ya kazi kabla grinda haijawashwa, iandikeni, na mpe nusu siku hiyohiyo.